Timu ya Binti Zetu Iende Wapi Mwaka Huu?

Maneno ya kamati ya wazazi wa timu ya softiboli, yaliyosomwa kwenye chakula cha jioni cha harambee ya mwaka, Columbus, Ohio



Mwenyekiti ametupa dakika kumi na tano na ametuonya kwamba pilau halingojei. Tutajitahidi. Tumeombwa tueleze jambo moja ambalo limezua maneno tangu kikao cha Machi, nalo ni kwamba timu ya binti zetu ya chini ya miaka 14 imefuzu kwenda mashindano ya kitaifa, na wazazi hatukukubaliana yapi. Tulibishana wiki tatu. Mnatujua Wapare, hata senti tano inaweza kutupeleka mahakamani. Lakini tumekubaliana, na tungependa mjue tulifikaje huko kabla hatujawaomba chochote.

Kwanza kuna mzee wetu aliyeuliza kama hiyo softiboli ndiyo rede. Si rede, mzee, ingawa msichana aliyekulia rede angeielewa upesi kuliko mvulana aliyekulia kandanda. Ni ndugu ya besiboli. Ilianza Chicago mwaka 1887, na ilianza ndani ya jengo, watu wakijipasha moto. Mpira wake ni mkubwa kuliko wa besiboli, na mtupaji huutupa kwa mkono unaozunguka chini kama gurudumu, akiwa umbali wa futi 43 kutoka kwa mpigaji. Hizo ni mita 13 hivi, yaani kutoka hapa meza kuu hadi pale zilipo sufuria. Mpigaji ana gongo (si lile mnalocheka, ni la kupigia) na akiupiga vizuri hukimbia vituo vinne hadi arudi nyumbani. Zamu ni saba. Na kwa wale wanaosema tumewatia watoto mchezo wa watu wengine, tunawakumbusha kwamba hata Dar es Salaam, katika Shule ya Sekondari Azania, uwanja wa besiboli ulifunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa Wajapani.

Timu yetu ina wasichana 12. Watano ni wa kwetu. Waliobaki ni watoto wa majirani, wakiwemo Wakongo wawili, Msomali mmoja na Wamarekani wanne. Kocha ni mama Mmarekani aliyecheza alipokuwa chuoni, na hatumlipi ila kwa chakula. Anapenda makande kuliko baadhi ya watoto wetu.

Sasa tuje kwenye neno hili "kitaifa", kwa sababu ndilo lililotupoteza mwaka jana.

Nyumbani neno hilo lina maana moja. Mtoto akicheza UMISSETA anaanza shuleni, anapanda wilaya, anapanda mkoa, na akifika taifa amefika. Hakuna UMISSETA ya pili upande wa pili wa barabara. Sisi tulikuja Marekani na akili hiyo. Tuliposikia timu imefuzu kitaifa tulidhani kuna ngazi moja, na sisi tumefika juu yake. Hapa si hivyo. Hapa kila chama cha softiboli kina mashindano yake ya kitaifa. Kuna USA Softball, ambacho zamani kiliitwa Amateur Softball Association, kilichoanza mwaka 1933 na chenye makao Oklahoma City. Kuna Premier Girls Fastpitch, ambacho mashindano yake makubwa hufanyika Huntington Beach, California, karibu na bahari. Kuna Alliance Fastpitch, kilichoanza juzijuzi tu, mwaka 2020. Kuna USSSA wenye makao Florida. Na wapo wengine. Ndani ya chama kimoja mnaweza kukuta ngazi mbili au tatu, kila moja na bingwa wake. Katika kiangazi kimoja nchi hii hupata mabingwa wa taifa wa umri mmoja ambao hawajawahi kuonana.

Hatusemi kwamba ni utapeli. Nchi ni kubwa, timu ni nyingi, na ushindani kati ya vyama umewafaa watoto kwa mengi. Lakini mzazi akikuambia mwanawe anakwenda kitaifa, muulize: ya nani, na ngazi ya ngapi?

Mwaka jana hatukuuliza. Tulifuzu mwezi Mei, na barua pepe ya pongezi ilikuja usiku uleule pamoja na tarehe ya mwisho ya kulipa. Mashindano hayo hatutayataja, kwa sababu waandaaji hawapo hapa kujitetea, na pia kwa sababu kosa kubwa lilikuwa letu. Hayamo katika orodha ya mwaka huu. Tulilipa kabla hatujakaa kikao. Kisha tukagundua kwamba ni lazima kulala katika hoteli zilizochaguliwa na waandaaji, kwa bei yao. Hiyo ni desturi ya mashindano mengi hapa: usipolala kwao, huchezi. Tukasafiri siku mbili barabarani. Tukacheza mechi tatu za makundi na mbili za mtoano. Mechi moja ilisimamishwa zamu ya nne tukiwa nyuma 11 kwa 0, maana kanuni hairuhusu kuendelea kumchapa aliyekwisha lala. Wasichana wanne hawakushika gongo hata mara moja siku ya mwisho. Kila familia ilitumia karibu dola 1,900.

Tulirudi tukasema, haya, tumejifunza. Lakini tulikuwa hatujajifunza bado.

Msichana mmoja hakusafiri. Mama yake alitupigia simu siku mbili kabla ya safari akasema mtoto ana homa. Tukamwombea, tukaondoka. Mwezi Novemba ndipo tulipojua kwamba hakukuwa na homa. Mama yule anafanya kazi ghalani zamu za usiku, na fedha hazikupatikana. Ametuturuhusu tulisimulie hili bila jina lake, na alitueleza kwa maneno machache: asingeweza kunyoosha mkono katika kikao cha wazazi ambao wote walikuwa wanatikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo alimwambia mtoto alale, na mtoto akalala. Alikuwa mdakaji wetu. Tulikwenda kitaifa tukamweka nyuma ya kituo cha nyumbani mtoto ambaye hakuwahi kudaka, na tukashangaa kwa nini mipira inapita.

Wapo kati yetu waliolia siku ile ya Novemba. Na wapo waliosema kwa nini hakusema. Hili la pili tumeliacha. Ninyi mnajua msaragambo wa nyumbani ulivyokuwa: aliyekuja na jembe alilima, na asiye na jembe alipewa la mwenzake bila kuulizwa mbele ya watu. Ndiva zetu hazikuchimbwa na wenye majembe peke yao.

Kwa hiyo mwaka huu tulianza upande mwingine. Hatukuanza na jina la mashindano. Tulianza na orodha ya majina 12, tukaweka sharti moja: mahali ambapo hawa wote 12 hawawezi kufika, hatuendi. Baada ya hapo ndipo tukafungua ramani.

Mezani palikuwa na majina manne. La kwanza lilikuwa California. Tuliwaulizia watoto wenyewe, na tisa kati ya 12 walitaka California, kwa sababu kuna bahari. Hiyo ni sababu nzuri ukiwa na miaka 13. Kule ndiko wanakokwenda wenye vipaji vikubwa sana, hilo hatulifichi. Lakini kutoka Columbus ni safari ya ndege kwa watu zaidi ya 20, na ubora wa timu za kule ungeturudisha kwenye ile 11 kwa 0.

La pili lilikuwa USA Softball. Mashindano yao ya vijana huhama, mwaka huu mji huu, mwaka ujao mji mwingine, kwa hiyo huwezi kupanga kwa mazoea. Mwaka ambao yatakuja karibu na Ohio tutayafikiria kwanza. Hata hivyo watoto wana picha ya uwanja wa Oklahoma City ukutani pa chumba cha mazoezi, kwa sababu ndipo fainali za vyuo vya wanawake huchezwa, na ndipo softiboli ya Olimpiki ya 2028 itakapochezwa, ingawa Olimpiki yenyewe ni ya Los Angeles. Tumewaachia picha yao.

La tatu lilikuwa Colorado, mwanzoni mwa Julai. Hili ndilo lililoleta ugomvi wa kweli, kwa sababu ya neno moja tu: vyuo.

Baba mmoja, ndugu yetu tunayemheshimu, alisimama akasema: "Mimi nimekuja nchi hii ili mwanangu asome. Kama makocha wa vyuo wako Colorado, timu iende Colorado, hata nikiuza gari." Watu walipiga makofi. Na ni kweli kwamba makocha wa vyuo hujaa kule kila Julai. Lakini mama mmoja wa kamati alikuwa amekwenda kusoma kanuni, akarudi nazo zimeandikwa kwenye daftari. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliamua mwaka 2018 kwamba kocha wa chuo cha daraja la kwanza haruhusiwi kuzungumza na mchezaji wa softiboli kuhusu kumchukua hadi Septemba 1 ya mwaka ambao mtoto anaanza darasa la 11. Binti zetu wengi wanamaliza darasa la nane. Kocha anaweza kuwatazama kwa mbali, lakini hawezi kuwaambia neno. Tungeuza gari ili mtoto atazamwe na mtu aliyefungwa mdomo, kwa miaka miwili zaidi.

Mama yule aliongeza jambo jingine ambalo wazazi wengi hatukulijua. Kwa miaka mingi timu ya softiboli ya daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili kamili wa wachezaji 12 tu, na ufadhili huo uligawanywa vipande kwa timu ya wachezaji 20 au zaidi. Kanuni zimebadilika tangu 2025 na vyuo vingine sasa vinaweza kutoa zaidi, lakini msijenge nyumba juu ya hilo. Wengi wanaosoma kwa mpira hupata nusu, robo, au hela ya vitabu, na zilizobaki hutafutwa kwa alama za darasani. Tuliamua hapo hapo kwamba msichana asiyemaliza kazi zake za shule hafanyi mazoezi Jumatano. Kocha alinuna kidogo, kisha akakubali.

Baba yule naye alikubali, na tunamshukuru, maana alikubali mbele ya watu. Alisema, "Basi Colorado iwekwe kabatini hadi darasa la kumi." Imewekwa kabatini.

Likabaki jina la nne, Indiana. Alliance wamekuwa wakifanyia mashindano yao huko, na kutoka hapa Columbus hadi upande wa Indianapolis ni saa tatu kwa gari. Wana ngazi zaidi ya moja, na sisi tumefuzu kwa ngazi ya chini, ambapo timu nyingi zinafanana na yetu. Kuna waliosema ngazi ya chini ni aibu. Tuliwauliza kama wanakumbuka matokeo ya mwaka jana.

Kabla hatujalipa, safari hii tuliuliza maswali, na tunayaweka hapa kwa wazazi wenye watoto wanaokuja nyuma, wa mpira wowote. Tuliuliza tumehakikishiwa mechi ngapi, na mvua ikinyesha je? Julai kule radi zikisikika mchezo husimama, na timu inaweza kurudi nyumbani imecheza nusu ya ilicholipia. Tuliuliza ukifungwa mara moja unatoka au mara mbili. Tuliuliza kama hoteli ni ya lazima, na kama wanaokaa ndani ya umbali fulani wanasamehewa. Tuliuliza ada inarudi lini tukijitoa. Na kocha aliuliza swali ambalo sisi tusingelifikiria, la siku ngapi na mechi ngapi kwa siku, kwa sababu tuna watupaji wawili tu. Watu husema kutupa kwa mkono wa chini hakuumizi bega, na ndiyo maana mashindano mengi hayaweki kikomo cha mipira kama besiboli ya watoto inavyofanya. Kocha anasema ni maneno ya watu ambao hawajatupa. Yeye mwenyewe hawezi kuinua sufuria kwa mkono wa kulia hadi leo. Ametuapia kwamba hakuna mtoto wake atakayetupa mechi tatu siku moja, hata iwe fainali.

Wenye mabinti wadogo, wa miaka 12 kushuka chini, wasitukimbilie sisi kwanza. Waandikisheni katika ligi ya mtaani ya Little League. Ada ni ndogo, uwanja uko karibu, na timu ikibahatika kufika fainali zao za softiboli, ambazo sasa huchezwa Greenville, North Carolina, safari na malazi ya wachezaji hulipwa na Little League wenyewe. Sisi tulilijua hilo tulipokuwa tumekwisha chelewa.

Sasa tuseme lile ambalo wazee wetu wamelishika moyoni. Tumekutana usiku huu kwa ajili ya bweni la wasichana nyumbani. Kuna wasichana Usangi wanaopanda na kushuka mlima kila siku kwenda shule, wanafika wamelowa, wanarudi giza limeingia. Mzee mmoja alituambia waziwazi: "Mnataka fedha za kurusha mpira, na kule mtoto hana kitanda." Hatukuwa na jibu zuri siku ile. Hatuna jibu zuri hata leo, kwa sababu mzee amesema kweli, na mtu asiweke mizani kati ya kitanda na gongo. Tulichofanya ni kukubaliana na mhazini kwamba bahasha ya bweni itapita kwanza, itahesabiwa na kutangazwa, ndipo yetu ipite. Hakuna hata dola moja itakayotoka kwenye mfuko wa bweni. Na timu imeahidi kwamba fedha za kuosha magari za mwezi Agosti, zote, zitakwenda bwenini. Wasichana wenyewe ndio waliopendekeza, baada ya mmoja wao aliyekwenda likizo nyumbani kuwasimulia wenzake jinsi binamu yake anavyoamka saa kumi alfajiri.

Hesabu ni hii, na daftari liko kwa mhazini, njooni mlikague. Safari ya Indiana, pamoja na ada, vyumba vya usiku nne, mafuta na chakula, ni dola 640 kwa kila mtoto, yaani 7,680 kwa wote. Kuosha magari, mandazi na sambusa vimetupatia 3,200. Kila familia inalipa 300, ambazo jumla yake ni 3,600. Pungufu ni 880. Juu ya hizo tunaomba 900 nyingine, za familia tatu ambazo hazitaulizwa kitu. Msituulize ni zipi. Mhazini na mtu mmoja wa kamati ndio wanaojua, na hata kocha hajui. Kwa jumla tunaomba dola 1,780. Zikizidi, zinahamia kwenye bweni usiku huuhuu.

Tumepunguza tulipoweza. Hatununui fulana mpya zenye neno "kitaifa" mgongoni, ingawa watoto walizililia. Chakula cha mchana tunabeba: akina mama wanne wamekubali kupika makande, kuyatia katika majokofu ya mkononi, na kuyapasha hotelini. Mwaka jana watoto walikula mkate wenye soseji siku nne mfululizo, na mtupaji wetu wa pili akatapika zamu ya tatu.

Mdakaji wetu yumo katika orodha, namba nne. Amekaa pale mlangoni na wenzake.

Bahasha za kijani ni za bweni, za njano ni za mpira. Anayetaka kutoa kidogo kidogo hadi Juni amwone mhazini. Na bado tuna tatizo moja dogo: gari la pili halina dereva wa kwenda Alhamisi, kwa sababu aliyekuwa ameahidi amepangiwa zamu. Mwenye leseni na nafasi ya siku nne atuone kabla ya pilau, au hata wakati wa pilau.